Pari ya kadi si pari ya kila mchezaji

Mhariri,

Katika vilabu vyetu vya gofu, kadi nyingi za Stableford (mchezo wa kukusanya alama kila shimo) huharibikia kwenye mashimo yale yale mawili matatu: marefu, maji mbele ya grini (eneo la nyasi fupi lenye bendera), na kadi imeandikwa pari 4. Naamini kinachowaponza wachezaji wa ridhaa ni hiyo 4 kuliko maji yenyewe.

Pari ni mikwaju anayotarajiwa kupiga mchezaji wa hendikapu sufuri, yaani asiyehitaji mikwaju ya ziada ya kumsaidia. Mwenye hendikapu 18 uwanjani hapo hupewa mkwaju mmoja wa ziada kila shimo; wa 20 hupewa miwili kwenye mashimo yenye nambari ya ugumu 1 na 2, yaani yale magumu kuliko yote. Basi kwa huyu wa 18, lile shimo la pari 4, pari yake ni 5. Akimaliza kwa 5 anapata alama mbili, kwa 6 alama moja, kwa 7 hapati kitu.

Chukua shimo la yadi 430, maji yakianza yadi 50 kabla ya bendera. Mkwaju wa kwanza umekwenda 210, zimebaki 220. Kwa kuwa kadi inadai 4, mchezaji anachomoa mbao nambari 3, fimbo ya masafa marefu. Uso wa fimbo hiyo umesimama, hauinui mpira kirahisi kutoka chini, na kwenye nyasi ndefu za pembeni fimbo hunaswa. Anajaribu kuunyanyua mpira kwa mikono, anaupiga vibaya, unaishia majini. Adhabu mkwaju mmoja. Wa nne ndio unaopanda grini. Akihitaji mitatu ya kuingiza mpira shimoni, ni 7.

Angepiga fimbo ya chuma nambari 7 yadi 130, zingebaki 90: mzungusho kamili wa fimbo fupi, kisha miwili ya kuingiza. Jumla 5. Asishawishike kusogea kwa chuma nambari 5 yadi 160, maana atabakiwa na 60, nusu mzungusho, nao ndio mkwaju unaowashinda wengi, tena akiwa yadi 10 tu kutoka majini. Mpango upigiwe hesabu kutoka kwenye bendera kurudi nyuma, kabla ya kuchomoa fimbo.

Shimo hilo hilo likiandikwa pari 5, mchezaji huyo huyo hupiga chuma chake kwa utulivu. Shimo la pili la uwanja wa Pebble Beach, Marekani, kwa wageni wa kawaida ni pari 5, kwenye mashindano ya U.S. Open ya mwaka 2000 liliandikwa pari 4. Hata mabingwa huyumbishwa na namba: watafiti Devin Pope na Maurice Schweitzer walichunguza mikwaju ya grini zaidi ya milioni 2.5 ya wachezaji wa kulipwa, wakachapisha mwaka 2011 kwamba mkwaju wa kuokoa pari huingia mara nyingi zaidi kuliko wa kupata pungufu moja ya pari, umbali ukiwa ule ule.

Nawaomba manahodha wa vilabu waagize kadi zitiwe nukta kwenye kila shimo ambalo mchezaji anapewa mkwaju, na makedi (wabeba fimbo) wamtajie mchezaji pari yake mwenyewe akiwa bado hajaweka mpira kwenye tii, kile kijiti cha kuanzia shimo. Kwa anayeanza, hiyo nukta ina thamani kuliko fimbo mpya.

Mpenzi wa gofu,
Nairobi