Asante uliyetuondolea mwangwi

Shukrani kwa mshiriki aliyeokoa mhadhara wa jana wa mtandaoni bila hata kuwasha kamera. Sauti ya mhadhiri ilijirudia na kukatikakatika, hatua za hesabu zikawa hazifuatiki. Yeye akaandika kwenye gumzo: "Mwalimu, zima maikrofoni zote kwa mpigo, kisha tufungue moja moja." Ya tatu ilipofunguliwa, mwangwi ukarudi. Mwenye maikrofoni hiyo alikuwa ameingia kwa simu na kompyuta chumba kimoja, spika ya simu ikilisha maikrofoni ya kompyuta. Kisha mshiriki wetu akamshauri mhadhiri azime kamera, abakize slaidi na sauti. Video ndiyo mlafi wa intaneti. Kukatika kukaisha. Nasi wengine, tukiingia kwa vifaa viwili, kimoja tukizime spika na maikrofoni.