Umeme ukikatika, jiko la mkaa libaki nje

Ndugu Mhariri,

Ndugu zetu wengi kutoka Kongo, Kenya, Tanzania na Burundi sasa wanaishi Houston, Dallas na Fort Worth, jimboni Texas, Marekani, na wengine wamefika huku baada ya baridi ya Februari 2021. Kabla baridi haijaanza, wajue kilichotokea.

Usiku wa manane kuamkia tarehe 15 Februari, gridi ya umeme ya Texas ilibakiza dakika 4 na sekunde 37 tu izimike yote. Ili kuiokoa, umeme ulikatwa, na nyumba na biashara zaidi ya milioni 4.5 zikabaki gizani, nyingine kwa siku kadhaa. Idara ya afya ya jimbo ilihesabu vifo 246. Wengi waliuawa na baridi, lakini 19 waliuawa na gesi ya kaboni monoksidi, yaani na kile walichowasha ili wapate joto.

Hapo ndipo penye hatari kwetu. Nyumbani tumezoea jiko la mkaa penye upenyo wa hewa. Nyumba za Marekani zimezibwa kila upande. Makaa yaliyokolea hayatoi moshi, basi mtu huona ni salama kuyaingiza chumbani, kumbe yanaendelea kutoa gesi isiyo na rangi wala harufu. Kichwa huuma, kichefuchefu huja, mtu hudhani ni mafua, analala, haamki. Gari likiunguruma ndani ya gereji ni vilevile, hata mlango ukiwa wazi. Jenereta ikae nje, angalau mita 6 kutoka nyumbani, moshi wake uelekee mbali na madirisha. Nunueni pia kengele ya kaboni monoksidi inayotumia betri.

Kuhusu mabomba: maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9, na mara nyingi bomba hupasuliwa na presha ya maji yaliyobanwa kati ya barafu na koki iliyofungwa. Kwa hiyo acheni koki zidondoshe maji, na mfungue kabati za chini ya sinki joto lifike. Tafuteni leo valvu kuu ya kufungia maji ya nyumba na mjaribu kuizungusha, kwani ufa hujitokeza barafu ikiyeyuka, na hapo dari huloa kwa dakika chache.

Maji ya kunywa na kupikia ni lita 4 kwa mtu kwa siku. Familia ya watu 5 iweke lita 60 kwa siku 3, tena mapema: mwaka 2021 watu waliambiwa wachemshe maji wakati wengine hawakuwa na umeme wa kuyachemshia.

Inauma kwamba baridi ya Februari 2011 ilikuwa imeshazima mitambo ya umeme huku huku Texas. Wachunguzi walipendekeza mitambo ikingwe dhidi ya baridi, lakini sheria ya kulazimisha ilipitishwa baada ya maafa ya 2021. Naomba gazeti lako lichapishe onyo la jiko la mkaa kila Novemba, na makanisa na misikiti yetu ya huku yalisome kwa Kiswahili.

Msomaji wenu,
Houston, Texas