Dijei, hapo kwenye wimbo nyamaza

Mhariri,

Dijei wa kibanda umiza, yaani ukumbi mdogo wa kuonyeshea filamu, awe Igoma au Kirumba hapa Mwanza, akitafsiri filamu ya ngumi kazi yake nyepesi: mhusika akifunga mdomo, yeye anadakia. Akiipeleka mbinu hiyo kwenye Les Misérables ya mwaka 2012, anaiua. Filamu ina dakika 158 na karibu zote watu wanaimba, kwa kuwa imetokana na mchezo wa jukwaani wa nyimbo, uliotokana na riwaya ya Victor Hugo ya 1862. Pengo la kudakia halipo.

Tena sauti zile si za studio. Filamu nyingi za nyimbo hurekodiwa sauti kwanza, kisha mwigizaji anachezesha midomo. Hapa waliimba mbele ya kamera, wakisikia piano kwa kifaa kidogo sikioni. Okestra iliongezwa baadaye. Kwikwi na pumzi zimo ndani ya wimbo. Ukizifunika kwa maikrofoni, unabaki na picha za watu waliokunja uso.

Badala ya kusema, weka maandishi ya tafsiri kwenye picha. Mistari miwili tu, herufi kama 40 kila mmoja, rangi ya njano yenye ukingo mweusi. Yapandishe kidogo, maana benchi za kibanda ziko usawa mmoja na vichwa vya mbele hufunika chini ya picha. Kinachoharibu zaidi ni kasi: faili la maandishi lililopangwa kwa picha 25 kwa sekunde, likitumika kwenye filamu ya picha 24, linatangulia kidogo kidogo hadi mwishoni limepita kwa dakika 6 hivi. Watu wanasoma kifo cha mtu ambaye bado anaimba! Kusogeza mstari wa kwanza hakusaidii. Badili kasi ya faili zima.

Muziki ukisikika lakini waimbaji wamepotea, usifungue amplifaya. Deki inatoa chaneli 6 za sauti, wewe umeunga spika mbili, na sauti za watu ziko chaneli ya kati. Chagua stereo kwenye deki.

Anayetaka kuziimba nyimbo hizi upya kwa Kiswahili ana kazi ngumu zaidi. Mkazo wetu uko silabi ya pili kutoka mwisho, ilhali Kiingereza hupenda kufunga mstari kwa silabi moja nzito, na noti ndefu hukaa hapohapo. Ukiimba “kesho” na noti hiyo ikaiangukia “sho”, sikio linakataa. Igawe noti: “ke” ivutwe, “sho” idondoke mwishoni. Si dhambi. Mchezo wenyewe ulianza kwa Kifaransa, Paris, 1980. Ulipofika London 1985 maneno ya Kiingereza yalitungwa upya, hayakufuatisha neno kwa neno.

Dijei abaki na dakika 3 kabla ya filamu kuanza, awatambulishe wahusika kwa wasiosoma haraka. Na asiseme mhusika mkuu, Jean Valjean, alifungwa miaka 19 kwa kuiba mkate. Mkate ni miaka 5; iliyobaki ni ya kujaribu kutoroka. Vile vizuizi vya barabarani kwenye filamu navyo ni vya maasi ya Paris ya Juni 1832, si mapinduzi ya 1789.

Mafundi sauti,
Kirumba, Mwanza