Fremu ya kunyanyulia vyuma ipimwe kwa futi, si kwa macho

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua wa gazeti lako ili nizungumze na wale wenzangu ambao, kwa sababu ya foleni, ya ada za jimu, au ya aibu tu ya kuhema mbele ya vijana, wameamua kugeuza banda la gari kuwa mahali pa kunyanyulia vyuma. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wafanye mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku 2 kwa wiki, na safu za afya hulirudia shauri hilo mara kwa mara, lakini sijabahatika kusoma lolote kuhusu kile kitu kinachosimama kati ya shingo ya mtu na kilo 80 za chuma anapokuwa peke yake bandani saa 11 alfajiri. Kitu hicho ni fremu, yaani zile nguzo zinazobeba fimbo ya chuma na sahani zake za uzito kabla na baada ya kunyanyua. Nimetengenezesha mbili ndani ya miaka mitatu, na ya kwanza nusura initie hasara kubwa kuliko taa ya gari niliyoilipia.

Ya kwanza niliiagiza kwa fundi wa kuchomelea ambaye mageti yake yamejaa mtaani kwetu Kimara na hayana kasoro. Banda langu lina upana wa mita 3 na urefu wa mita 5 na nusu, na kwa kuwa nilitaka gari liendelee kulala ndani, nilimwambia fundi abane vipimo. Akanitengenezea nguzo mbili zilizounganishwa chini, umbali wa sentimita 90 kati yake, kwa mabomba ya mraba yaleyale ya geti. Nilipouliza kama yatahimili, alicheka: “Mzee, geti linapigwa na upepo mwaka mzima halijapinda, itakuwa hiki kijiti?” Nami nikacheka, nikalipa.

Jioni moja nilimaliza zoezi la kuchuchumaa, nikarudisha fimbo juu ya vishikio vya nguzo ikiwa na sahani mbili za kilo 20 kila upande, nikaanza kutoa za upande wa kushoto. Niliponyanyua ya pili, upande wa kulia ulishuka kama beseni lililoponyoka mkononi, fimbo ikaruka, na ncha yake ikaingia katika taa ya mbele ya gari. Mpwa wangu, ambaye dakika moja kabla alikuwa amesimama palepale akisubiri zamu yake, alikuwa ameitwa ndani kufungua mlango.

Nilidhani ni uzembe wangu, na kwa sehemu ulikuwa uzembe, maana sahani hutolewa moja huku na moja kule. Lakini baadaye nilichukua karatasi, nikapiga hesabu ya mizani ya kawaida, ile ya bembea tunayoijua tangu shule. Fimbo ya mashindano ya wanaume ina uzito wa kilo 20, urefu wa mita 2.2, na sehemu ya kati kabla ya kufika mahali pa sahani ni mita 1.31. Nguzo zikiwa na umbali wa sentimita 90, kila nguzo iko sentimita 45 kutoka katikati ya fimbo, na sahani ya kwanza inakaa zaidi ya sentimita 20 nje ya nguzo. Sahani mbili za kilo 20 zikibaki upande mmoja peke yake zinaushinda uzito wa fimbo yenyewe, na lazima ipinduke. Sasa tanua nguzo hadi mita 1.2: sahani zilezile zinakaa karibu kabisa na nguzo, sentimita 8 hivi kwa ile ya kwanza, na fimbo haitikisiki. Sentimita 30 nilizozibana ili gari liingie ndizo zilizovunja taa ya gari hilohilo. Kwa hiyo anayenunua au kuchomelesha fremu kwa ajili ya fimbo ndefu asikubali nguzo zenye umbali chini ya mita 1.1, hata kama banda ni dogo kiasi gani. Akitaka kubana, abane kina cha fremu, si upana wake.

Kuhusu nafasi, watu wengi hupima fremu na kusahau fimbo. Katika banda la mita 3, fimbo ya mita 2.2 inakuachia sentimita 40 kila upande, ambazo zinakutosha kupita kiubavu huku umeshika sahani yenye kipenyo cha sentimita 45, kwa kubana tumbo. Inawezekana, nimefanya hivyo kwa mwaka mzima, lakini ni usumbufu, na ukuta wangu una makovu. Zipo fimbo fupi za mita 1.8 au pungufu, ila sehemu yake ya kuwekea sahani nayo ni fupi, na nyingi ni nyembamba kiasi kwamba sahani zenye tundu la milimita 50 zinacheza juu yake. Mimi ningemshauri mtu aweke fimbo kubwa na kuligeuza banda, yaani fremu iegemee ukuta mrefu na fimbo ilale kwa urefu wa banda. Gari halitaingia tena. Mama watoto alilisema hilo vizuri kuliko mimi: “Kwa hiyo gari linalala nje ili vyuma vilale ndani.” Ndivyo ilivyo, na ni heri uamuzi huo ufanywe kabla ya kununua kuliko baada ya kununua.

Dari nalo lipimwe. La kwangu ni zege, na liko mita 2.4 kutoka sakafuni. Mtu wa urefu wa mita 1.75 akinyoosha mikono juu huku ameshika fimbo, fimbo inafika mita 2.1 na ushei, na sahani inaongeza sentimita 22 na nusu juu yake; kinachobaki ni upana wa vidole vichache. Zoezi hilo sasa nalifanya nikiwa nimekaa. Mwenye pangaboi bandani aling'oe kabisa.

Nije kwenye jambo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo linalopaswa kuamua aina ya fremu, nalo ni mahali chuma kitakapoangukia siku mikono itakapokataa. Kila anayenyanyua vyuma hufikiwa na siku hiyo. Zile nguzo mbili zisizo na kitu kingine hazina jibu kwake. Ukiwa umelala chali kwenye benchi na fimbo ikakugandamiza kifuani, jibu lako ni sauti yako na majirani zako. Katika hali hiyo asiyekuwa na pini za usalama, yaani vyuma vya kuipokea fimbo ikimshinda mtu, asifunge vibana vya sahani mwishoni mwa fimbo anaposukuma akiwa amelala, ili angalau aweze kuinamisha upande mmoja sahani zimwagike. Ushauri huo ni wa kuokoa shingo tu, kwa maana sakafu na vidole vya miguu vitalipa gharama.

Fremu ya nguzo nne, ile inayofanana na kizimba, hupitisha pini mbili ndefu za chuma kutoka nguzo ya mbele hadi ya nyuma, na chuma kikikushinda kinatua juu ya pini badala ya juu yako. Nusu fremu nayo ina mikono miwili inayotokeza mbele. Inafaa, ila mikono hiyo imeshikwa upande mmoja tu, na kadiri unavyosogea mbele ndivyo fremu nzima inavyotaka kuinama nawe kama haikufungwa sakafuni kwa boliti. Kwa mtu anayefanya mazoezi peke yake katika banda dogo, chaguo langu ni kizimba chenye kina kifupi, sentimita 70 hadi 120, na kimo cha mita 2 hivi. Zipo pia fremu za kukunjwa ukutani ambazo zikikunjwa hazichukui hata sentimita 20, na vijana wanazipenda sana katika picha za mtandaoni. Sizikatai, lakini zimebuniwa kwa kuta zenye mihimili imara, na kuta zetu nyingi ni za tofali za saruji za inchi 5 au 6 ambazo ubora wake unategemea siku hiyo fundi alikoroga mchanga kiasi gani. Asiyejua nguzo ya zege ya nyumba yake iko wapi asining'inize kilo 100 kwenye tofali.

Nguzo ziwe na matundu ya kuzipandisha na kuzishusha pini hizo, na hapa ndipo mafundi wengi hupotea bila kosa lao, kwa sababu hakuna aliyewaeleza matumizi. Fundi wangu wa pili alitaka kuacha sentimita 10 kati ya tundu na tundu. Nikamlaza kwenye benchi, nikamshikisha fimbo tupu, nikamwambia aishushe hadi kifuani. Tundu moja lilikuwa juu mno, fimbo ikagonga pini kabla ya kufika kifuani. La chini yake lilikuwa chini mno, na fimbo ikafika kwenye koo bila kuguswa na pini. Aliinuka kimya, akafuta alama zake za chaki, akachora upya kwa sentimita 5, na katika eneo la benchi kwa sentimita 2 na nusu. Pini inayofaa ni ile inayokaa chini kidogo ya kifua kilichojazwa pumzi na juu ya shingo, ili ukitoa pumzi na kulegea uweze kujichomoa. Zaidi ya hapo, nguzo zote nne alizibana pamoja kwa klampu akazitoboa kwa mashine, hakuzitoboa kwa moto, kwa kuwa tundu likipishana milimita chache fimbo inalala upande na unanyanyua bila kujua kwa nini bega moja linauma.

Sasa unene wa chuma. Wauzaji hutaja geji, na kama tunavyojua kwenye mabati, namba ikiwa kubwa bati ni jembamba. Mabomba ya mageti na madirisha kwa kawaida ni ya milimita 1.2 hadi 1.5. Kwa fremu, nguzo ya milimita 50 kwa 50 iwe na unene wa milimita 2 kwa uchache, na 3 ikiwezekana. Usipokuwa na kifaa cha kupimia unene, tumia mzani wa dukani: bomba hilo la mita 6 lenye unene wa milimita 3 lina uzito wa kilo 25 au 26, na la milimita 1.5 lina kilo 13 au 14. Muuzaji mmoja wa eneo la Gerezani, hapa Dar es Salaam, alinihakikishia kwa kiapo kwamba bomba lake ni la milimita 3. Nilipolinyanyua begani kwa mkono mmoja tukatazamana, akatabasamu, akaenda kuleta lingine. Kizimba changu kilikula mabomba manne. Rangi ya kuzuia kutu ipakwe kabla ya rangi ya urembo, na vichwa vya mabomba vizibwe, kwa sababu hewa ya Dar es Salaam hula chuma kuanzia ndani ambako macho hayafiki.

Ndugu Mhariri, lililonisukuma hasa kuandika ni lebo. Wiki chache zilizopita nilimsindikiza rafiki dukani kutazama fremu zilizoagizwa kutoka nje. Moja ilikuwa nzuri, nyeusi ya kung'aa, na imebandikwa karatasi inayosema inabeba kilo 300. Tulimuuliza kijana wa dukani kama kilo hizo ni za vishikio au za pini za usalama, na kama ni za chuma kilichowekwa taratibu au kilichoanguka. Hakujua, na sikumlaumu. Tofauti yake si ndogo: kilo 100 zikiangukia pini kutoka sentimita 20 juu, na pini ikazisimamisha ndani ya sentimita 2, nguvu ya wastani inayoipiga pini hiyo ni takriban mara 11 ya uzito uliowekwa kwa utulivu. Fremu inaweza kubeba kilo 300 mwaka mzima bila kulalamika, kisha pini yake ikapinda siku moja kwa kilo 100. Pini za fremu ile zilikuwa za bomba jembamba lenye uwazi ndani. Nilizigonga kwa ufunguo wa nyumba zikalia kama filimbi. Rafiki yangu aliinunua hata hivyo, kwa sharti kwamba pini nitamtafutia mimi, na sasa ana mbili za chuma kigumu cha duara cha milimita 25 zilizokatwa na fundi yuleyule wa chaki.

Ombi langu kwa waagizaji na wauzaji, na kwa Shirika la Viwango Tanzania likiona inafaa, ni dogo. Lebo ya kila fremu iandikwe unene wa chuma kwa milimita, umbali kati ya nguzo kwa sentimita, na uzito ambao pini za usalama zimejaribiwa kuupokea ukianguka, pamoja na kimo ulikoangukia. Mafundi wetu wa mitaani hawana lebo, lakini wana futi na chaki, na wengi wao, wakilazwa kwenye benchi dakika moja na fimbo tupu mkononi, watajua wenyewe pa kutoboa.

Msomaji wako,
Kimara, Dar es Salaam