Hela imfuate aliyeshika kamera

Ndugu Mhariri,

Jumanne iliyopita nimeziona tena zile picha. Kamera ya Canon 5D Mark III imewekwa juu ya meza ya kioo, nyuma yake pazia la bluu lenye maua meupe. Safari hii tangazo linasema kamera ipo Morogoro na bei yake ni shilingi 1,500,000. Meza ile naijua. Iko kwenye sebule moja Kimara, hapa Dar es Salaam, na mwaka jana nikiwa nimekaa mbele yake nilipoteza shilingi 1,600,000. Naomba nafasi kwenye ukurasa wako nieleze ilivyokuwa, kwa sababu nina hakika kuna kijana mahali fulani anaipigia simu namba ile wakati huu ninapoandika.

Kazi yangu ni kupiga picha za harusi, ubarikio na mahafali. Kamera mpya ya kiwango cha kazi hiyo wengi wetu hatuimudu. Tunanunua zilizotumika, na siku hizi tunazikuta mtandaoni kwa watu tusiowajua. Ushauri tunaopeana ni ule ule: usitume hela kwa mtu usiyemwona, nenda mwenyewe, kagua mali kwanza. Ni ushauri mzuri na niliufuata wote. Niliibiwa nikiwa nimeishika kamera mkononi.

Muuzaji alikuwa muungwana kwenye simu. Alikijua anachokiuza. Alinitajia lenzi ya 24-105, betri mbili, na kwamba shata, kile kilango cha ndani kinachofunguka kila picha inapopigwa, imepiga kama elfu sitini tu. Akasema yeye yuko Dodoma, kamera ameiacha kwa kaka yake Kimara, niende nikaione kwa nafasi yangu. "Ila nikuombe kitu kimoja, kaka. Usizungumze naye habari za bei. Kuna mambo ya familia hapo katikati, akisikia nauza kiasi gani tutagombana. Wewe kagua, ukiridhika nipigie mimi." Nilimwelewa. Nani hana mambo ya familia?

Kumbe mwenye kamera hakuwa kaka wa mtu yeyote. Alikuwa mzee wa watu aliyeweka tangazo lake halali kwa shilingi 2,100,000. Tapeli alizichukua picha zake, akaziweka kwenye tangazo lingine kwa bei ya chini, kisha akampigia mzee akijifanya mnunuzi. Alikubali bei bila kuomba apunguziwe. Akamwambia, "Namtuma kijana wangu wa kazi aje kuichukua. Usimtajie habari za hela, mzee wangu, vijana hawa wakijua hela ni nyingi wanaharibika. Akishaikagua nakutumia mwenyewe." Basi tukakaa sebule moja, wawili tuliofungwa mdomo na mtu mmoja, kila mmoja akidhani anaonyesha adabu.

Nilikagua kwa makini. Nilitia kadi yangu mwenyewe, nikapiga ukuta mweupe kwa f/16, yaani tundu la lenzi likiwa dogo, kutafuta madoa kwenye sensa, kile kipande cha ndani kinachonasa picha, nikamulika lenzi kwa tochi ya simu kutafuta fangasi, maana kwa unyevu wa Dar lenzi iliyosahaulika kabatini huota nyuzi ndani kama utando wa buibui. Ilikuwa safi. Mama mwenye nyumba akaniletea maji. Nikampigia muuzaji, akanipa namba ya kutuma. Nilipoiandika, simu ikanionyesha jina la mwanamke kabla sijaweka namba ya siri. Nikasita, nikamuuliza. Akajibu bila kukwama, "Hiyo ni ya shemeji yako, yangu imejaa kiwango cha leo." Mhariri, jibu lote lilikuwa pale kwenye kioo cha simu. Lakini macho yangu yalikuwa kwenye kamera. Nikaweka namba ya siri.

Nikasimama, nikavaa mkanda wa kamera shingoni, nikaanza kushukuru. Mzee akauliza kwa upole, "Bosi wako kashatuma?" Nikamuuliza, bosi gani? Akaitazama simu yake, mimi nikaitazama yangu. Tukapiga ile namba, haipatikani. Kwa dakika kadhaa kila mmoja wetu aliamini kwamba mwenzake ndiye mwizi, na mwanawe alikuwa ameshasimama mlangoni. Nikavua mkanda nikairudisha kamera mezani. Ilikuwa mali yake, na hakuwa amepokea hata senti.

Huduma kwa wateja waliniambia fedha zimeshatolewa kwa wakala. Tulikwenda polisi nikaandikiwa RB, na mzee yule alinisindikiza akatoa maelezo yake, ingawa angeweza kufunga mlango akanywa chai yake. Nusu ya hela zile ilikuwa advansi ya bwana harusi wa Jumamosi iliyofuata. Mzee aliniazima kamera hiyo hiyo nikafanya kazi, na alikataa malipo. Hadi leo hakuna aliyekamatwa.

Nilipowasimulia wenzangu, waliosema "tamaa imekuponza" hawakukosekana. Neno hilo linaniuma kuliko hasara yenyewe. Kamera ile ilitoka mwaka 2012, shilingi 1,600,000 kwa mashine ya umri huo si bei ya miujiza. Na neno hilo ndilo linalowanyamazisha watu. Baadaye wapiga picha wawili walinifuata pembeni, mmoja alilizwa kwa lenzi, mwingine kwa droni. Hawakuwa wamemwambia mtu yeyote, hata nyumbani.

Ninachotaka wasomaji wako wakielewe ni kwamba mchezo huu hauna uhusiano na uzima wa kamera. Unaweza kukagua mpaka skrubu ya mwisho na bado ukapigwa. Mchezo wenyewe unaishi kwa kitu kimoja tu: wawili walioonana uso kwa uso wasitajiane bei. Kwa hiyo mimi sasa nikifika kwa mtu, hata kabla ya kukaa nasema kwa sauti, "Nimeambiwa kamera ni shilingi kadhaa, nawe ndiye ninayekulipa, ni sawa?" Hela naituma kwenye simu iliyomo ndani ya chumba kile, jina linalotokea liwe lile lililoko kwenye kitambulisho cha aliyeshika kamera, na ujumbe uingie mbele ya macho yangu. Akitajwa mke, shemeji au mdogo wake aliyeko mkoa mwingine, naaga.

Kisha tunaandikiana. Karatasi ya daftari inatosha: majina, namba za vitambulisho, bei, tarehe, na namba ya bodi, yaani namba ya pekee ya kamera hiyo, iliyoko chini yake. Karatasi hiyo inakulinda pia dhidi ya mali ya wizi, kwa sababu Kanuni ya Adhabu inamtia hatiani anayepokea mali akiwa na sababu ya kuamini kuwa imeibwa, na kusema "nilinunua mtandaoni" bila ushahidi hakutakusaidia.

Kuna mengine ya kufanya hata kabla ya kupanda daladala. Mwombe muuzaji apige picha yoyote sasa hivi kwa kamera hiyo, akutumie faili lenyewe kama dokumenti. Ikitumwa WhatsApp kama picha ya kawaida, maelezo yake ya ndani yanafutika. Ndani ya faili halisi utaona aina ya kamera, tarehe, na kwa kamera nyingi hata namba ya bodi, ambayo utailinganisha ukifika. Nikon nyingi huandika humo hesabu ya shata. Kwa Canon nyingi hesabu hiyo husomwa kwa waya na programu ya kompyuta, kwa hiyo anayekutajia tu kwa mdomo, kama nilivyotajiwa mimi, hajakuambia kitu. Ni vizuri kuijua, maana shata ya 5D Mark III ilikadiriwa kudumu mara 150,000.

Wenzangu wa mikoani wanaopokea mizigo kwa basi wana hatari zaidi. Risiti ya basi inathibitisha kwamba boksi limepakiwa. Kilichomo ndani haikijui. Tafuteni mpiga picha mwenzenu aliyeko mji huo, aende yeye akague, alipe yeye, afunge boksi kwa mikono yake.

Na ninyi mnaouza, mkiambiwa "usimtajie bei kijana wangu", mtajieni. Mgeni akikaa kwenye kochi lenu muulizeni ameambiwa shilingi ngapi na anamlipa nani. Mzee wa Kimara angeuliza, au mimi ningeuliza, tungemaliza siku tukicheka.

Kamera yenyewe ilishauzwa. Mnunuzi alimlipa mzee palepale sebuleni mwezi wa tatu. Zilizobaki kuzunguka ni picha. Jumanne nilimwandikia mwenye tangazo la Morogoro kama mteja. Alisema nitume kwanza shilingi 200,000 aniwekee, kwa kuwa watu wengi wanaitaka. Nilimwomba anipigie kwa video, aiwashe nione tu kioo cha nyuma kikiwaka. Akanifungia. Namba yake nimeiripoti kwenda 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu, na tangazo hadi leo asubuhi lilikuwa bado liko hewani, na pazia lake la bluu.

Mpiga picha,
Tabata, Dar es Salaam