Kadi Nyekundu ya Mapema

Majengo, Mombasa

Kwa swahibu yangu mpendwa,

Assalaamu alaykum. Ama baada ya salamu na kukuulizia hali ya watu wa nyumbani, barua yako nimeisoma kwa makini, na ile video ya mechi yenu na watani wenu wa Likoni nimeitazama zaidi ya mara moja. Unaniomba nitie sahihi rufaa mnayoipeleka kwa kamati ya mashindano kupinga kadi nyekundu aliyopewa beki wenu, kwa kutegemea kwamba neno la refa anayeshika kipenga pale uwanja wa Tononoka litapewa uzito. Sahihi sitaitia, na kwa kuwa mimi na wewe hatukuzoea kufichana, ni haki yako nikueleze sababu.

Hoja yako ya kwanza ni kwamba beki wenu aliugusa mpira kabla ya kumgusa mtu. Ni kweli aliugusa. Lakini Sheria ya 12 ya mchezo huu haimsamehe mtu kwa kuwa ameanza na mpira. Inapima namna mtu alivyoingia, kwa ngazi tatu: akicheza bila uangalifu, ni mpira wa adhabu tu, bila kadi; akiingia kwa pupa bila kujali litakalompata mwenzake, ni kadi ya njano; na akitumia nguvu kupita kiasi au akihatarisha usalama wa mpinzani, ni nyekundu, awe ametokea mbele, ubavuni au nyuma, awe ametumia mguu mmoja au yote miwili. Sasa itazame video yako kwa macho ya mtu asiye na timu. Beki anatoka mbali kwa kasi, anajirusha, mguu wake wa kulia umenyooka na meno ya njumu yameelekea mbele. Mpira anaugusa kwa ukingo wa soli tu, kisha mguu ule ule unaendelea kupanda mpaka unamfika winga kwenye muundi, juu ya kinga yake, wakati mguu wa kijana yule umekanyaga chini na umebeba uzito wake wote. Mguu uliokanyaga hauna pa kukimbilia. Ukipigwa, ni mfupa au kano za goti ndizo zinazolipa. Alhamdulillahi aliinuka, lakini sheria haimwambii refa asubiri kuona kama mtu atainuka.

Hoja yako ya pili ndiyo iliyonifanya nikuandikie kwa kirefu. Unasema hata kama ni rafu mbaya, ilikuwa dakika ya saba, tena ni debi, yaani mechi ya watani, watu wamejaa mpaka kwenye mstari, na refa mwenye busara angemwita nahodha, angeonya, na mechi ingeendelea wachezaji 11 kwa 11. Maneno haya nimeyasikia kwa makocha, kwa watazamaji, na hata kwa marefa wenzangu, nami nayapinga, kwa sababu kila ninapofuatilia debi kubwa naona madhara yanazaliwa hapo hapo, katika huruma ya dakika za mwanzo.

Chukua debi ya Everton na Liverpool, ambayo imezaa kadi nyekundu nyingi kuliko mechi nyingine yoyote katika Ligi Kuu ya Uingereza. Oktoba 2020, uwanjani Goodison Park, dakika za mwanzo kabisa, kipa wa Everton, Jordan Pickford, alimrukia beki wa Liverpool, Virgil van Dijk, kwa miguu na kumuumiza kano za goti. Mitambo ya VAR, yaani ya refa msaidizi wa video, ikaonyesha kwamba van Dijk alikuwa ameotea, basi penalti ambayo Liverpool wangeipata ikafa, na kwa namna ya ajabu rafu yenyewe nayo ikafa pamoja nayo, ingawa kuotea hakumfutii mtu kosa la kuhatarisha mwenzake. Pickford hakupata hata njano. Van Dijk alifanyiwa upasuaji, hakucheza tena msimu ule, na mashindano ya Ulaya ya mwaka uliofuata yakampita. Sasa tazama mwisho wa mechi hiyo hiyo, iliyokwisha 2-2: dakika ya 90 Richarlison wa Everton akamwingilia Thiago wa Liverpool vibaya, naye akatolewa nje papo hapo. Uwanja ni mmoja, refa ni mmoja, sheria ni moja. Sisemi kwamba saa peke yake ndiyo iliyoamua, maana kule kuotea kulivuruga mambo, lakini ni vigumu kuamini kwamba rafu ile ya kwanza ingeachwa hivyo hivyo kama ingetokea mwishoni.

Aprili 2025 yakajirudia, mara hii Anfield. Kabla ya robo saa kwisha, James Tarkowski wa Everton aliupiga mpira kwa nguvu, na mguu wake ukaendelea hadi kwenye muundi wa Alexis Mac Allister wa Liverpool. Ni rafu ya beki wenu hasa, mpira kwanza kisha mtu. Refa alitoa njano, chumba cha VAR kikaiunga mkono, na baadaye chombo kinachosimamia marefa wa kule kikakiri kwamba ilistahili nyekundu. Liverpool ilishinda 1-0, kwa hiyo kelele zilipoa upesi. Ungekuwa ushindi wa Everton, nadhani mpaka leo tungekuwa tunabishana barazani.

Sikatai kwamba hofu ya marefa ina chanzo. Mwaka 2011, katika debi hiyo hiyo, refa Martin Atkinson alimtoa Jack Rodwell wa Everton dakika ya 23 kwa kumwingilia Luis Suárez wa Liverpool; Everton wakafungwa 2-0 wakiwa pungufu, kisha kadi ikafutwa kwa rufaa. Mechi haikurudishwa. Kila refa huijua hadithi ya namna hiyo, na ndiyo maana mkono huwa mzito mfukoni. Lakini kosa la siku ile halikuwa kwamba ilikuwa mapema mno, bali kwamba rafu yenyewe haikufika ngazi ya nyekundu. Atkinson huyo huyo, Machi 2015, alimtoa Steven Gerrard wa Liverpool sekunde 38 tu baada ya kuingia akitokea benchi dhidi ya Manchester United, kwa kumkanyaga Ander Herrera, na hapo hakukuwa na la kubishania.

Unayoyaita busara, wachezaji huyasoma kwa jina jingine. Wewe mwenyewe ulikuwa kiungo, unajua: katika debi rafu ya kwanza huwa ni ya kumpima refa. Ikipita kwa maneno matupu, timu iliyoumizwa hungoja zamu yake, na kufikia kipindi cha pili refa anagawa njano kama njugu kuzima moto alioulea mwenyewe. Tena huku kwetu ni hatari zaidi, maana kijana akivunjika mguu Tononoka hana klabu ya kumlipia hospitali; ni mama yake na michango ya mtaa. Nahodha kuitwa na kuonywa ni jambo zuri, lakini liwe kwa rafu za ngazi ya chini, si kwa mguu ulionyooka juu ya muundi wa mtu.

Neno moja kuhusu video mtakayoipeleka kwa kamati. Ile uliyonitumia imepunguzwa kasi, na naona mmefanya hivyo ili mpira uonekane ukiguswa. Mtajiumiza wenyewe. Hata marefa wa VAR huelekezwa kwamba mwendo wa polepole ni wa kuonyesha mahali mguu ulipogusa, lakini uzito wa rafu hupimwa kwa kasi ya kawaida. Kwa polepole kamati itaona vizuri mno mahali njumu zilipotua, na kwa kasi ya kawaida itaona jinsi alivyojirusha. Sioni ni ipi kati ya hizo mbili itakayowafaa.

Mkitaka kuiandikia kamati, kuna jambo mnaloweza kulidai kwa haki: dakika ya 60 beki wa wale wa Likoni alimwingilia mshambuliaji wenu kwa miguu miwili, akaonyeshwa njano. Hiyo nayo ilikuwa nyekundu, na kama refa alikuwa amechoka kutoa kadi au aliogopa ile hadhara, hilo ndilo la kuulizwa. Barua ya namna hiyo nitaitia sahihi bila kusita, mradi isitaje adhabu ya kijana wenu. Niletee kabla ya Ijumaa, na uniletee pia ile video nzima isiyochezewa.

Wasalimie wote nyumbani, na mwambie beki wenu namsalimu.

Mimi nduguyo,
wa Majengo