Buriani mkunga wetu wa Rungwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimkumbuke mama yangu, muuguzi mkunga mstaafu, tuliyemzika mwezi uliopita nyumbani Rungwe, karibu na migomba aliyoipanda mwenyewe. Alianza kazi katika zahanati ya kijiji enzi za kampeni ya Mtu ni Afya, iliyoendeshwa kwa redio mwaka 1973, na hadi uzeeni hakuacha kuwahimiza majirani wachimbe vyoo na kuchemsha maji ya kunywa. Mvua ya Tukuyu, ambayo wenyeji tunajua haina adabu, haikumzuia kutoka usiku wa manane, taa ya chemli mkononi, kumfuata mama aliyeshikwa na uchungu. Sisi watoto tulibaki na bibi, na nakiri kwamba mara nyingine tulinung'unika. Wajukuu wake walimwita Sista, kama wagonjwa walivyomwita, naye alicheka tu. Msibani walifika watu wenye mvi wakisema ndiye aliyewapokea duniani. Tarehe 12 Mei, Siku ya Wauguzi, naomba gazeti lako liwatembelee pia wakunga wastaafu wa vijijini, Mbeya, Iringa na Njombe, wangali hai.

Ni mimi mwanawe,
Tukuyu, Mbeya